Peugeot tunaiita Pijo, lakini Huawei tunaisoma herufi kwa herufi: lafudhi zetu na majina ya kampuni

MLETA MADA (Dar es Salaam)

Wakuu, salamu kwenu.

Kila mtu anapotamka jina la kampuni ya kigeni kwa namna ya kwao, mjadala wetu huishia pale pale: mmoja anacheka, wa pili anasema hiyo ni lafudhi tu, na wa tatu analeta video ya Mmarekani ili iwe hakimu. Naona tunaliruka swali la msingi, nalo ni hili: jina lenyewe lilimfikia msemaji kwa njia gani? Hoja yangu, ambayo nawaomba muipime bila kunionea haya, ni kwamba majina yaliyotufikia kwa sikio yana umbo moja karibu kila mahali, hata kama lafudhi za makabila yetu huyagusa hapa na pale, ilhali majina yaliyotufikia kwa jicho, yaani kwa kusomwa kwenye boksi, bango au skrini, yana maumbo mengi kadiri ya wasomaji wake.

Nianze na Peugeot. Ukimpa herufi hizo mtu ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, naye akazisoma kwa kanuni za Kiswahili, atatoka na kitu kama "Pe-u-ge-o-ti". Lakini hakuna dereva wala fundi wa makamo, awe wa Arusha, Mombasa au Nakuru, anayesema hivyo. Wote wanasema Pijo. Jina hilo lilisambazwa na madereva wa masafa marefu, na mafundi wa gereji, na watangazaji wa redio waliokuwa wakisimulia mbio za Safari Rally, ambazo Peugeot 404 ilizishinda mwaka 1963 na kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, kabla ya 504 kushinda mwaka 1975 na 1978. Aliyekuwa ametega sikio redioni hakuhitaji kujua jina lile linaandikwaje, na wengi walilijua gari miaka mingi kabla hawajaziangalia herufi zake kwa makini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Caterpillar, ambayo ikawa katapila, neno tunalolitumia leo hata kwa mtambo uliotengenezwa na Komatsu. Land Rover ikawa landrova. Colgate ikawa Kolgeti, nasi tunaagiza Kolgeti dukani tukimaanisha dawa yoyote ya meno. Litazameni hili la mwisho: kama lingekuwa limeingia kwa kusomwa, mwisho wake ungekuwa "gate" yenye a na e zetu za kawaida, wala si "geti".

Baada ya jina kuingia, Kiswahili hulifanyia marekebisho yake. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti iliyobaki peke yake mwishoni huongezewa i, au mara nyingi u ikiwa ni sauti ya midomo kama m na b. Bajaj, ambalo ni jina la ukoo wa Kihindi lililogeuka kuwa jina la kampuni, kwetu Tanzania likawa bajaji na kukiita chombo chenyewe, ingawa ndugu zetu wa Kenya wanakiita tuktuk. Watu wengi hawaoni kwamba irabu hiyo moja huhamisha pia mkazo, kwa sababu sisi huukaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wajerumani wanapotaja Adidas hukaza silabi ya kwanza, Wamarekani hukaza ya pili, na Mswahili aliyesema "Adidasi" amekaza ya tatu.

Sasa njooni kwa Huawei. Kampuni hiyo ilianzishwa Shenzhen mwaka 1987, na Wachina wa lugha rasmi hulitamka jina lake kwa silabi mbili, Hwa-wei. Kwetu boksi lilitangulia sauti. Ukitembea Kariakoo kutoka duka hadi duka utasikia Hu-a-we-i ya silabi nne, utasikia Huwawei, utasikia Hawei, na wauzaji hao hao wataelewana bila shida. Xiaomi ni balaa zaidi, kwa maana x ya Wachina hutamkwa karibu na sh yetu, lakini sisi shuleni tulifundishwa kuwa x ni "eksi", kwa hiyo zinapatikana Eksiaomi, Ziaomi, Zaomi na Shaomi, na hiyo ya mwisho, iliyo karibu zaidi na asili, ndiyo inayomfanya msemaji aonekane anajidai.

Naomba michango, hasa ya wanaotoka maeneo ambayo lugha ya nyumbani si Kiswahili.

MCHANGIAJI WA NAKURU

Mleta mada, nakubali kwamba sikio na jicho ni milango miwili, lakini umezipunja lafudhi. Hizo "hapa na pale" zako zina utaratibu mkali kuliko unavyoeleza.

Kikuyu, kwa mfano, hakina l. Tena b, d na g ngumu hazisimami zenyewe katika lugha hiyo bila m au n mbele yake, na ile b inayoandikwa peke yake hutamkwa kwa midomo isiyofungana. Ndiyo sababu mzee aliyekulia katika Kikuyu kitupu akilipokea jina lenye b katikati, m hujipenyeza bila yeye kuiita: Mitsubishi inakuwa Mitsumbishi. S nayo si ya asili. Saa iliingia Kikuyu ikawa thaa, simu ikawa thimu, zote zikitamkwa kwa sauti ya dh ya "dhahabu", na sukari ikawa neno linaloanza kwa sauti ya sh. Mwenye masikio hayo akilitaja jina la Safaricom, ukasikia mwanzo wake una dh, jua kwamba amefuata kanuni ile ile iliyomletea thimu yenyewe.

Shuka Kisumu. Kijaluo hakina sh, wala z, wala v. Shell, kampuni ya mafuta, inakuwa Sel. Mtandao uliokuwa Celtel ulipobadilishwa jina kuwa Zain mwaka 2008, kwa wazee wengi wa Nyanza ulikuwa Sain, hadi ulipogeuzwa tena kuwa Airtel mwaka 2010 na shida hiyo ikaondoka. Panda kwa Wakalenjin, ambao lugha yao haitofautishi p na b, t na d, wala k na g, kisha ingia Bungoma kwa Wabukusu, ambao b yao ngumu hutokea baada ya m tu na baba kwao ni papa. Bata, yenye kiwanda chake Limuru, huko huweza kusikika kama Pata. Na hata hiyo Bata tunayodhani tunaitamka vizuri si ile ya Wacheki walioianzisha Zlín mwaka 1894, kwa sababu t ya mwenye jina, Tomáš Baťa, ina alama juu yake na hutamkwa karibu na "tya". Alama ilidondoka kwenye mabango ya dunia nzima, na Mswahili akapata jina la ndege anayemfuga nyumbani.

Kuna jina moja ambalo hupita kila kizuizi, nalo ni Toyota. Halina r wala l, halina b wala d wala g, halina sh wala z, na kila silabi yake inaishia kwa irabu. Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin, Mkamba na Mswahili wa Lamu wote hulitamka bila kulivunja. Ukoo ulioianzisha kampuni unaitwa Toyoda, na jina la magari lilibadilishwa mwaka 1936 kuwa Toyota kwa sababu za Kijapani kabisa: sauti ilionekana safi zaidi, na kwa herufi zao lilihitaji mikwaju minane ya kalamu, hesabu inayohesabiwa kuwa ya bahati. Wangeliacha na ile d, kwa Wakalenjin ingekuwa Toyota hata hivyo, na kwa wazee wa Kikuyu ingekuwa Toyonda.

Jambo moja la pembeni. Sisi Wakenya tunalo hata neno la mtaani, kushrabu, la kumcheka mtu ambaye lugha ya mama imejitokeza katika Kiingereza chake. Sijawahi kusikia neno hilo likitumika kwa Mwingereza anayeiita Hyundai ya Wakorea "Hai-yun-dai".

MCHANGIAJI WA TANGA

Mimi ni fundi cherehani na ninao mfano unaoisumbua hoja ya mleta mada. Cherehani za Singer zimekuwapo hapa pwani tangu enzi za mababu, wala hazikuja na mitandao ya kijamii. Kwa hoja yako, jina hilo lilipaswa kuingia kwa sikio. Mwingereza anapolitamka, katikati yake pana ng' ya "ng'ombe", sauti ambayo sisi tunayo na hatuna sababu yoyote ya kushindwa nayo. Lakini fundi wote niliofanya nao kazi, pamoja na aliyenifundisha, wanasema Singa yenye ng ya "ngoma". Kama sikio ndilo lililopokea, g hiyo imetoka wapi?

MLETA MADA

Fundi, swali lako ni zuri kuliko mada yangu. Nadhani jibu liko kwenye cherehani yenyewe. Jina la Singer limeandikwa kwa herufi kubwa za dhahabu kwenye mkono wa mashine, mbele ya macho ya fundi na mteja, mchana kutwa. Ni moja ya majina machache ya zamani yaliyoingia kwa milango yote miwili kwa wakati mmoja, na kila mlango umeacha alama: mwisho wake ni wa sikio, kwa sababu aliyesoma tu angesema "Singeri", na katikati yake ni pa jicho, kwa sababu jicho la Mswahili likiona ng bila ritifaa, yeye huitamka kwa g.

Ndugu wa Nakuru, orodha yako naipokea, na hapa kwetu naongeza jozi moja. Kisukuma kina l na hakina r, Kikurya kina r na hakina l. Kwa hiyo landrova ile ile hupita Shinyanga ikiitwa Landilova, ikifika Tarime ni Randirova. Tazama jinsi mifupa ya neno ilivyobaki: kati ya hizo mbili idadi ya silabi ni ile ile na mkazo upo pale pale, kilichopishana ni r na l tu. Huawei haina r wala l ya kugombaniwa, na bado hatujakubaliana ina silabi ngapi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

MCHANGIAJI WA LUBUMBASHI

Ndugu zangu, salamu kutoka Katanga. Mnajadili kana kwamba sikio la Afrika Mashariki ni moja. Sikio lenu lilifundishwa na Kiingereza, letu lilifundishwa na Kifaransa, na Kiswahili kimekaa katikati.

Pijo yenu hapa ni Pejo, kwa sababu sisi tuliipata kwa Wabelgiji na Wafaransa wenyewe, ninyi mliipata kupitia kinywa cha Mwingereza. Tairi la Michelin kwenu ni "Mishelini", hapa mwisho wake hupitia puani na n haifiki kwenye ulimi. Orange, kampuni ya simu, ilipokuwa Kenya mliiita Orenji. Hapa kwetu ipo hadi leo, nasi tunasema Oranji, tena j hiyo si ya "jambo", ni ile laini ya Kifaransa ambayo Kiswahili chenu hakina. Hata kalamu: Mkenya anaomba "biro", jina lililotokana na László Bíró wa Hungaria, sisi tunaomba "biki", lililotokana na kampuni ya Mfaransa Marcel Bich. Inasemekana Bich aliiondoa h ya mwisho akihofia jinsi wasemaji wa Kiingereza wangeitamka, maana yake alikuwa akiwaza lafudhi za watu wa mbali kabla bidhaa haijawafikia.

Lakini mahali panaponichekesha zaidi ni benki. Mwaka 2020 Equity ya Kenya ilinunua hisa nyingi za BCDC, benki ya hapa Kongo, na jina lililotokea ni EquityBCDC. Mkenya husoma nusu ya kwanza "Ekwiti" na nusu ya pili "Bi-Si-Di-Si". Aliyesoma Kifaransa huona qu na kuitamka k, kwa hiyo kwake ni "Ekiti", kisha "Be-Se-De-Se". Mwaka 2022 KCB nayo ikanunua TMB ya hapa Lubumbashi. Wakubwa wakija kutoka Nairobi wanasema "Kei-Si-Bi", sisi tunasema "Ka-Se-Be". Herufi tatu, kampuni moja, na hakuna aliyekosea, kwa sababu vifupisho havina matamshi yao wenyewe. Vina matamshi ya shule uliyosoma.

Kinyume chake ni M-Pesa. Sisi ndio tunaosema mutu na mutoto pale mnaposema mtu na mtoto, kwa hiyo mngetarajia "Mupesa". Hapana. Herufi m kwa Kifaransa ni "em" kama ilivyo kwa Kiingereza, na tangazo la redio lilisema Em-pesa, basi ikabaki Em-pesa. Nasikia pwani ndiko watu hulitamka kama neno la Kiswahili, m ikibebwa kwa midomo iliyofungwa.

MCHANGIAJI WA MASKATI

Assalamu alaikum. Huku tuliko sisi wenye asili ya Unguja tunaoishi Omani, lafudhi haikuishia mdomoni, imeingia mpaka katika maandishi.

Kiarabu sanifu hakina herufi ya g. Lilipokuja jina la Google, kila nchi iliangalia ni herufi gani ambayo lafudhi yake huitamka g, au iliyo karibu nayo, ikaitumia hiyo. Mmisri huandika kwa jimu, kwa sababu jimu kwa watu wa Kairo ni g. Msaudi huandika kwa qafu, kwa sababu katika usemi wake wa kila siku qafu ni g. Wa Sham, yaani Syria na Lebanoni, huandika kwa ghaini. Jina moja la kampuni lina tahajia tatu, na ukimpa mtu wa Dameski tahajia ya Mmisri aisome kwa ulimi wa kwao, atatoka na sauti ya j mara mbili. Sisi wa Maskati tunaelewana na Mmisri katika hili, maana kwa wenyeji wengi wa hapa jimu pia ni g, ingawa katika mambo mengine lafudhi zetu ziko mbalimbali mno.

Pepsi nayo ni hiyo hiyo. Kiarabu hakina p, na kwenye kopo lenyewe imeandikwa kwa ba mbili: Bebsi. Mswahili wa hapa hubadili kulingana na aliye mbele yake, akimwagiza mwenye duka anasema Bebsi, akirudi nyumbani anasema Pepsi. Kwa hiyo, mleta mada, jicho na sikio haviko mbali kama unavyovitenga, kwa sababu yapo maandishi ambayo yenyewe yameandikwa kwa sikio.

MCHANGIAJI WA MWANZA

Mimi kazi yangu ni kuchora mabango, na mada hii kwangu ni fedha. Naomba niwaeleze inavyokuwa.

Mteja akinipigia simu akasema anataka bango la "pembejeo za kirimo", sina tabu, nitaandika kilimo, kwa sababu neno hilo nalijua na yeye analijua. Akisema "duka ra dawa", naandika la. Akili husahihisha yenyewe bila kuuliza. Balaa liko kwenye majina ya kampuni yaliyobuniwa, ambayo siku hizi ndiyo mengi: mtu anachukua silabi ya kwanza ya jina la mwanawe mkubwa, anaiunga na ya mdogo, anaongeza ya mkewe, na kampuni imepata jina. Hakuna kamusi duniani itakayonisaidia kujua kama silabi ile ni "ri" au "li". Kwake yeye anayetoka upande wa Mara sauti hizo ni moja, kwa msaidizi wangu wa Kwimba pia ni moja ila ni ile nyingine, nami nimekaa katikati na rangi mkononi.

Nikamwomba mteja mmoja anitumie jina kwa ujumbe mfupi wa simu, nikidhani nimepona. Aliandika kama anavyotamka. Nikachora, akalipa, akaondoka ameridhika kabisa, kwa sababu bango lilisoma sawasawa na masikio yake. Shida ilianza pale benki moja ilipokataa malipo ya mteja mkubwa wa kampuni hiyo, kwa kuwa jina kwenye ankara, ambalo lilinakiliwa kutoka kwenye bango, halikufanana na jina la akaunti, ambalo lilinakiliwa kutoka kwenye cheti cha usajili. Tofauti ilikuwa herufi moja. Tangu hapo sichori bango la kampuni bila kuona picha ya cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni.

MCHANGIAJI WA DODOMA

Wakuu, nimesoma mabandiko yote na bado sijajibiwa. Matamshi sahihi ni yapi? Mwenye kampuni si yupo? Jina ni mali yake, kwa nini asiulizwe yeye?

MLETA MADA

Mkuu, wenye kampuni wameulizwa mara nyingi, na majibu yao ndiyo yanayotia shaka wazo lenyewe la usahihi.

Hyundai ilipoingia Marekani mwaka 1986, matangazo yake yaliwafundisha Wamarekani kulitamka jina hilo hadi lipatane kwa kina na neno lao la Jumapili, Sunday, yaani "Hande" au karibu na hapo. Waingereza waliachwa waseme "Hai-yun-dai" kwa miaka mingi, mpaka mwanzoni mwa 2023 kampuni ilipotoa tangazo la kuwasahihisha. Mkorea mwenyewe husema kitu kama "Hyon-de", ambacho si hiki wala kile. Mazda nchini Japani hutamkwa Matsuda, sawa na jina la ukoo wa mwanzilishi wake, na kampuni haijamgombeza mtu yeyote wa nje kwa kusema Mazda. IKEA kwa Waswidi ni I-ke-a, kama tunavyoisoma sisi, lakini kampuni hiyo huuza Marekani kwa jina la "Ai-ki-a" bila kinyongo. Mwenye mali, mkuu, huuza kwa matamshi ya mnunuzi.

Kisa kinachonifurahisha ni cha Nike. Waingereza wengi husema "Naik", silabi moja, wakilichukulia kama maneno yao mengine yanayoishia kwa e isiyotamkwa. Mwaka 2014 Phil Knight, mwanzilishi mwenza, alithibitisha kwa maandishi kwamba jina lina silabi mbili na linaishia kwa i. Sasa mchukue kijana wa Manzese ambaye hakuisoma barua hiyo. Aliisikia "Naik" kwa mtu aliyeiga Waingereza, ulimi wake ukakataa kuishia kwa k, ukaongeza i kama unavyofanya kwa kila jina, na akatoka na "Naiki". Kasoro ya Kiswahili juu ya kasoro ya Kiingereza imemrudisha kwa mwenye kampuni.

Wapo walioliona tatizo hili mapema wakatafuta jina lisiloharibika. George Eastman aliisajili Kodak mwaka 1888 akitaka jina fupi, lisilofanana na neno lolote na lisiloweza kutamkwa vibaya. Mwaka 1958 kampuni ya Kijapani iliyokuwa na jina refu la uhandisi wa mawasiliano ilijiita Sony ili ulimwengu mzima utamke kwa namna moja. Sony imefaulu kwetu, labda kupita walivyotegemea. Kodak tumeiongezea i yetu.

Kuhusu hoja ya ndugu wa Maskati, naikubali na kuiongeza kwenye ile ya Singer: yako majina ya milango miwili. Na kwa ndugu wa Mwanza, nadhani umegusa jambo ambalo sisi wote tuliliruka, kwamba lafudhi haina madhara pale neno linapojulikana, kwa sababu msikilizaji hulirekebisha kichwani mwake. Jina la ajabu ndilo linaloiacha lafudhi peke yake bila msaada. Wanasheria wa alama za biashara hulinganisha majina kwa sura na kwa sauti pia, na ningependa kujua kwetu husikiliza kwa masikio ya nani, maana kampuni mbili zinazotofautiana kwa r na l ni mbili kwa msajili wa Dar es Salaam na ni moja kwa wateja wa mikoa mizima.

Tuna bahati ya kupata jaribio linaloendelea mbele ya macho yetu. Novemba 2024 kampuni ya simu ya Tigo Tanzania ilibadilisha jina ikawa Yas, na huduma yake ya fedha, Tigo Pesa, ikawa Mixx by Yas. Yas ni silabi moja inayoishia kwa s, jambo ambalo Kiswahili hakilipendi, na Mixx ina x mbili ambazo hazina kazi yoyote isipokuwa kuonekana. Majina yote mawili yalisikika redioni na kuchorwa kwenye vibanda vya mawakala wakati mmoja, kwa hiyo milango yote miwili ilifunguliwa kwa pamoja. Nategemea "Yasi" kwa wengi, na kwa Mixx nategemea mchafuko: Miksi, Mikisi, na kwa wachache watakaoitii kila herufi, "Mi-eksi-eksi". Walioko Tarime, Sumbawanga, Mtwara na Kigoma, tafadhali andikeni mnavyosikia kwa mawakala wenu, si mnavyodhani panatakiwa kusemwa.

MCHANGIAJI WA TARIME

Mkuu, nimetoka kwa wakala sasa hivi. Kibanda kizima kimepakwa rangi mpya na jina la Mixx limeandikwa hadi kwenye mwamvuli. Nimesimama pale nikasikiliza wateja kadhaa wakihudumiwa, na wote, pamoja na wakala mwenyewe, wamesema "Tigo Pesa".

MLETA MADA

Nimeipokea hiyo. Wa Kigoma na Mtwara, tunawasubiri.